Watu Wamefungua, Mie Nimefunga

Jumanne, 1 Aprili

Idi ilikuwa jana. Watu wamefungua, mie ndiyo nimefunga. Wamekula pilau, wamekula kaimati, wamekwenda msalani, wamerudi wakala tena. Mie tangu juma lililopita tumbo limekaza kama ngoma, na mdogo wangu Shekha kila akipita ananiongezea nyama sahanini. "Kula, dada, Idi hii." Nile nipeleke wapi?

Owen, daktari wangu wa kliniki ya akili, ndiye aliyenambia niwe naandika. Hata mstari mmoja kwa siku, kasema, ili nijione ninavyokwenda. Haya basi, najiona. Siendi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua ya kwanza ya masika. Haikunyesha ya maana, imetia tope tu uani.

Jumapili, 6 Aprili

Nieleze vizuri, maana nikija kuyasoma haya uzeeni nitadhani nilikuwa nalalamika bure.

Nina vidonge vya aina mbili, vyote vya jioni. Kile kikubwa ndicho cha akili. Kile kidogo cheupe ni cha kuzuia mikono isitetemeke kwa sababu ya kile kikubwa. Tangu nivianze nimerudi kuwa mtu. Nalala. Namsikiliza mtu mpaka mwisho wa maneno yake. Sitoki nje bila viatu. Shekha akienda dukani kwake kuuza vitambaa hafungi tena lango kwa kufuli.

Yale ya mwaka jana ni haya, nayaandika mara moja yaishe. Mama alipokufa nilianza kumsikia jikoni. Mwanzo kidogo tu, kama mtu anayezungumza na sufuria zake. Kisha akawa ananiita. Ikaendelea hivyo, miaka, wala sikumwambia mtu. Mwisho nilimfuata kwa miguu kutoka hapa Muyeye mpaka Mambrui, kwenye nyumba yetu ya zamani ambayo tulishaiuza, wenyewe wakanikuta asubuhi nimelala kizingitini. Masikini, waliogopa hata kufungua mlango. Shekha alinitafuta hospitali, akanitafuta polisi, akatembea mpaka miguu ikavimba. Hilo silitaki lirudi. Najua sauti ile ilikuwa ugonjwa. Nimeelezwa, nimeelewa, mie si mtoto.

Lakini jiko limekuwa kimya mno.

Jumatano, 9 Aprili

Siku ya kliniki. Sasa niseme kuhusu Owen. Huyu Owen nilimfundisha mie, chekechea, alipokuwa hana meno mawili ya mbele. Alikuwa mtoto wa kujichafua. Nilimwosha kwa mikono hii na kumvisha kaptula ya akiba, akanishika shingo akilia kwa aibu. Leo ana miwani na koti jeupe, nami ndiye ninayeketi kwenye kiti cha mgonjwa. Nilipoingia alisimama. "Shikamoo, mwalimu." Marahaba, baba.

Akauliza usingizi, nikasema mzuri. Akauliza sauti, nikasema hakuna. Kisha akainamisha macho mezani, akasema polepole, "Na choo je, mwalimu?"

Nikamjibu, "Choo kizuri, mwanangu. Shekha ametia vigae."

Akaniangalia. Nikamwangalia. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, sijui aliandika vigae ama nini. Nilipotoka nje nikacheka peke yangu mpaka mwanamke mmoja akahama benchi. Kwenye kliniki ile si vizuri kucheka peke yako.

Ijumaa, 11 Aprili

Hakuna kitu. Nimekunywa maji mpaka nasikika nikitembea.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua tangu alfajiri, na mie nimeamka namkumbuka mama na sanamaki yake.

Ilikuwa kila Jumamosi ya mwisho ya likizo, kule Mambrui. Watoto wote tulijua kinachotungoja, maana tangu jioni harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima: majani ya sanamaki, tangawizi na ukwaju, sufuria tele. Mama aliamini mtoto hawezi kurudi shule na takataka za likizo tumboni. Maembe mabichi, mabungo, vumbi, na hata matusi tuliyoyaokota kwa watoto wa watu, yote kwake yalikuwa yamekaa tumboni na yote lazima yatoke.

Alfajiri vikombe vya bati vimeshapangwa. Kakangu Faiz ghafla amekuwa mcha Mungu, anaswali rakaa zisizokwisha. Shekha analia kabla hajaonja. Mie, kwa kuwa binti mkubwa, nakunywa wa kwanza ili wenzangu waone, na mama anawaambia, "Mwamwona mwenzenu? Mtu mzima huyo." Nilikuwa bado nang'oa meno ya utoto. Baba anachukua kofia yake na kutoweka mpaka adhuhuri, maana nyumba ile ilikuwa na choo kimoja tu.

Loo, asubuhi zile! Faiz anaingia wa kwanza, anajifungia, anaimba kaswida zote anazozijua, na sisi nje tunaruka kwa mguu mmoja na kugonga mlango kwa ngumi. Mama ameketi kwenye mbuzi yake anakuna nazi ya mchana, anacheka mpaka machozi yanamtoka, anatwambia, "Subirini, subirini, kila mtu ana riziki yake." Faiz yuko Maskati siku hizi, mtu mkubwa mwenye kitambi. Nikimkumbusha kwenye simu anajifanya hasikii.

Sijui kwa nini nakumbuka hayo kwa hamu hivi. Ilikuwa dawa chungu na foleni ya choo. Lakini ningetoa kila kitu nirudi kwenye foleni ile.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimenunua sanamaki sokoni, nikachemsha kama mama, nikanywa vikombe viwili. Tumbo limenikata siku nzima kama naadhibiwa. Nilichopata mwisho wake ni vijidonge vya mbuzi, basi. Ama sanamaki ya siku hizi haina nguvu, ama tumbo langu si lile.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Muyeye nzima ni dimbwi. Watoto wa jirani yetu Kahaso wanaogelea barabarani na mama yao anapiga kelele.

Alhamisi, 24 Aprili

Shekha kampigia simu mjomba Ngowa, ndugu ya mama, yuko Tezo kwenye shamba lake. Nilikuwa chumbani nikamsikia. Mvua inapiga bati, simu inakatikakatika, naye anapaza sauti mpaka nadhani Kahaso naye kasikia: "Dada hana raha, mjomba! Wiki nzima hapati choo! Ndiyo! Choo! Hapati kabisa!"

Nikajifunika mto usoni. Mjomba, asema Shekha, amekasirika sana na anakuja Jumapili.

"Amekasirika kwa nini?" nikamuuliza.

"Hata mie sijui. Kanambia, na nyinyi mko mjini!"

Jumapili, 27 Aprili

Siku ya leo nitaikumbuka mpaka naingia kaburini.

Tumemaliza chai tu, lango likagongwa. Mjomba Ngowa kasimama na kofia yake ya mvua, na nyuma yake kijana mrefu ana sururu, sepetu na kamba ya kupimia. "Huyu ni Thoya," akasema mjomba hata kabla sijamwamkia. "Hakuna fundi kama yeye Tezo nzima."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Shekha! Wewe una duka, unauza vitambaa, unavaa dhahabu, halafu dadako mgonjwa anakosa choo? Wiki nzima anakwenda kuomba kwa majirani? Binti wa Nyevu? Dadangu huko alipo atanielewaje mimi?"

Thoya huku keshaanza kazi. Anatembea uani anachoma ardhi kwa ncha ya sururu, anatikisa kichwa. "Hapa pana maji, mzee. Tukichimba pale kwenye mpapai ndiyo afadhali, futi kama ishirini."

"Msiuguse mpapai wangu!" Shekha akapaza sauti. "Mjomba, choo kile pale!"

Mjomba kaenda, kafungua mlango, kaangalia ndani. Ameona vigae, ameona ndoo, ameona sabuni kwenye kisahani. Akaufunga polepole. "Sasa," akasema, "huyu anakosaje choo na choo hiki hapa?"

Shekha ananiangalia mie, mie naangalia mvua. Thoya ndiye aliyeelewa mwanzo. Akageukia ukuta, mabega yanacheza. "Mzee," akasema akiwa bado anauangalia ukuta, "nadhani ni tumbo."

"Ala!" akasema mjomba, akaketi juu ya ndoo.

Nilidhani nitakufa kwa aibu, lakini kicheko kilinishinda. Tukacheka sote, mjomba mpaka akakohoa. Thoya, asije akawa amepanda gari bure, akatutengenezea komeo la mlango wa choo lililokuwa limelegea, akala wali wa nazi na samaki, akaenda zake na sururu yake safi.

Mjomba akabaki mpaka alasiri. Alituletea papai na fungu la mrenda kutoka shambani. Watu wa Tezo, akasema, hawafungi tumbo, maana mrenda unateremka wenyewe. Alipomaliza kunihubiria akaketi kwenye mkeka, akapapasa pale kando yake, akanambia, "Ndzoo, mwanangu. Ndzoo ukae hapa."

Ndzoo! Nilikuwa nimelisahau kabisa neno lile. Mama aliolewa Mambrui na Mswahili, akaingia dini, akakaa mjini umri wake wote na Kiswahili chake kilikuwa safi, akishindana na mashangazi kwa maneno akawashinda. Lakini akituita sisi watoto hakutuita kwa Kiswahili hata siku moja. Alisimama mlango wa jikoni akasema ndzoo, kama wanavyosema kwao, kwa Kigiriama. Watoto wa mtaani walitucheka, na Faiz akamwomba mama asituite vile mbele za watu. Mama akasema sawa, akaendelea vilevile.

Nikaenda nikaketi kando ya mjomba.

Jumatano, 30 Aprili

Papai asubuhi, mrenda mchana, papai jioni. Kidogo kimepatikana. Kidogo sana, wala si cha kupigia mbiu.

Jumamosi, 3 Mei

Limefunga tena, safari hii vibaya zaidi. Nikisujudu tumbo linanisukuma nyuma. Chakula sikitaki, nikinusa mafuta ya kukaanga nasikia kichefuchefu. Shekha ananiambia nimpigie simu Owen. Nimpigie nimwambie nini? Mwalimu wako, uliyekuwa unamwimbia nyimbo za herufi, hajaenda choo?

Jumatatu, 5 Mei

Leo sikumeza. Nimevitia vidonge chini ya godoro. Ni kwa ajili ya tumbo tu, likifunguka nitarudi.

Alhamisi, 8 Mei

Sikumeza. Tumbo limelegea kidogo, au nataka liwe limelegea.

Jumamosi, 10 Mei

Alhamdulillahi! Asubuhi ya leo, baada ya chai, bila kulazimisha, bila sanamaki. Nimetoka msalani natembea kama bibi harusi. Nimeosha nyumba nzima, nimefua mapazia yote, nimepika mahamri ya kula sisi na ya Kahaso na ya watoto wake. Mvua inanyesha na mapazia hayakauki, nayo hainiudhi.

Jumatatu, 12 Mei

Usingizi mfupi lakini sichoki. Nimepanga upya makabati. Nimetunga nyimbo za chekechea, za herufi zote, nyingine nzuri kweli. Shekha akaniangalia sana, akauliza, "Dada, dawa wanywa?" Nikasema nakunywa. Kwa nini ananiuliza kama mtoto? Mtu akilala wanasema ni dawa, akiamka wanasema ni ugonjwa.

Jumatano, 14 Mei

Kuna mtu jikoni. Sijasema ni nani. Nasikia mbuzi inavyokuna, kru kru, na kama mtu anajiimbia kwa pua. Nikienda hakuna, nikirudi chumbani anaanza.

Nitaandika kweli, maana hapa hakuna wa kunisoma. Sikuacha vidonge kwa sababu ya tumbo. Tumbo lilikuwa sababu nzuri ya kuwaambia watu, nami mwenyewe nilikuwa wa kwanza kuambiwa. Niliacha ili nimsikie. Wanaosema sauti ile ni ugonjwa wana mama zao. Wakipiga simu zinapokelewa.

Nimekaa mlangoni mwa chumba mchana kutwa, nasikiliza. Nina furaha ambayo sikuwa nayo tangu masika hii ianze.

Ijumaa, 16 Mei

Leo nitaandika yote.

Jana baada ya adhuhuri Shekha yuko dukani, mvua imeshika kweli, hata kelele za barabarani hazisikiki. Sauti ikatoka jikoni, wazi kabisa, wala si ya kunung'unika. "Nasiba. Njoo."

Nikasema, "Naja, mama." Nikaenda jikoni, hayupo. Ikaniita kutoka uani. "Njoo." Nikatoka na kanga moja, pekupeku. Ikaniita kutoka langoni, kutoka njiani. Maji yananifika juu ya vifundo vya miguu, watu wamejibanza chini ya mabaraza ya maduka wananiangalia, na mie naitikia naja, naja, usitangulie sana. Sikuona haya hata kidogo. Nilikuwa nakwenda kwa mamangu.

Nikafika barabara kuu. Malori yanapita yanarusha maji, na sauti iko ng'ambo. "Njoo, Nasiba. Njoo."

Nikauinua mguu. Na hapo neno likaniingia sikioni kama mchanga. Njoo? Mama hajaniambia njoo hata siku moja.

Nikarudisha mguu. Nikasema kwa sauti, mbele za watu wote wale, "Niite vizuri."

"Njoo, Nasiba."

"Niite kama unavyoniita!"

"Njoo."

Niliiambia tena na tena, nikaiambia kwa kuomba, nikaiambia kwa hasira. Haikuweza. Iliniita kama mwalimu anavyoita watoto darasani, Kiswahili safi, kama nisemavyo mie. Basi nikafahamu. Aliyekuwa ng'ambo ya barabara hakumjua mama. Alinijua mie tu. Kila alichokuwa nacho alikitoa kichwani mwangu tangu miaka ile nilipokuwa nimelisahau neno lile, kabla mjomba hajanikumbusha juzijuzi. Angenivusha mbele ya malori yale kwa neno ambalo mamangu hakulisema.

Nikageuka nikarudi. Nilirudi nikilia kwa woga, nimeziba masikio, na sauti nyuma yangu njoo, njoo, njoo, mpaka nikaingia ndani nikafunga lango.

Shekha aliporudi alinikuta nimeketi mlangoni, majimaji, midomo imekuwa myeusi kwa baridi. Kabla hajaniuliza nikamwambia, "Nimeacha dawa. Ziko chini ya godoro." Akaketi hapohapo kwenye ngazi yenye maji na nguo zake za dukani. Nilidhani atanigombeza. Akasema polepole tu, "Mie sina miguu ya kukutafuta tena, dada." Kisha akalia, na mie nikamwona kwa mara ya kwanza alivyozeeka kwa ajili yangu. Nilikuwa namwona mlinzi. Kumbe ni yule mtoto aliyekuwa akilia kabla hajaonja.

Leo asubuhi akanipeleka kliniki, amenishika mkono tangu langoni mpaka ndani. Owen hakuuliza mengi. "Mwalimu, kwa nini uliacha?" Nikamweleza sauti, nikamweleza barabara. Akasikiliza. Kisha akasema, "Na kabla ya hayo? Dawa ilikuwa inakusumbua nini?"

Sikuweza. Wallahi nimeyasema ya kusikia marehemu akiniita, lakini hilo halikutoka. Nikatazama dirisha. Sasa, kule chekechea watoto wengi huona haya kusema, hasa wageni, wakangoja mpaka wanaharibikiwa. Ndipo nikawawekea kanuni: haja ndogo, kidole kimoja juu, haja kubwa, viwili, hakuna haja ya maneno. Owen aliipitia kanuni hiyo. Nikainua mkono wangu mbele ya koti lake jeupe, nikatoa vidole viwili, nikatikisa kichwa: hakuna.

Owen akaviangalia vile vidole. Akacheka, akashindwa kujizuia, masikini, mpaka akavua miwani. Mara akaacha kucheka. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Idi."

"Mwalimu!" Alikasirika kweli. "Nilikuuliza ukanambia habari za vigae! Choo kufunga kwa dawa hizi si mchezo. Matumbo ya mtu yanaweza kusimama kabisa akapelekwa kupasuliwa. Kwa nini hukunambia?"

"Nilikuosha mie, Owen."

Akavaa miwani yake. "Basi ndiyo vizuri," akasema. "Wewe ulinijua kabla mimi sijajua kuona haya. Mimi ndiye mtu wa mwisho wa wewe kumwonea haya."

Akanilaza, akanibonyeza tumbo, akalisikiliza. Kile kikubwa narudi nacho leo, kidogokidogo na chini ya macho yake. Kile cheupe tunakipunguza mpaka tukiache, maana hicho nacho hufunga tumbo. Mikono ikitetemeka tutajua la kufanya. Nimepewa dawa ya maji, tamu kama sharubati, ya kunywa kila siku hata nikiwa naona sawa. Maji mengi, matembezi, mrenda wa mjomba uendelee. Nikisha kunywa chai niende nikae, nitake nisitake, miguu juu ya kibao, nisijikaze. Sanamaki, akasema, nisijichemshie tena bila kumuuliza. Na nikitapika, ama tumbo likivimba na kuuma, nisingojee siku ya kliniki, twende hospitali saa hiyohiyo.

Shekha aliyasikiliza yote, akamrudishia Owen moja moja kama anamsomea. Sasa yeye ndiye mwalimu.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemeza mbele ya Shekha, nikafungua mdomo aone. Tukacheka, lakini aliangalia kweli.

Alhamisi, 22 Mei

Kikombe kinacheza mkononi, nakishika kwa mikono miwili. Chooni nimekaa, miguu kibaoni, na daftari hili mapajani, bure. Sauti bado ipo, imekwenda mbali kidogo. Siijibu. Kutoijibu kunachosha kuliko kufua mapazia.

Jumapili, 25 Mei

Mvua imepungua. Nimetembea mpaka msikitini na kurudi, Kahaso akinisindikiza na maneno yake yasiyokwisha. Jikoni leo kulikuwa na mnong'ono tu, kama mtu anayeondoka huku bado anazungumza.

Jumatano, 28 Mei

Nimepata! Tena si cha mbuzi! Nilikunywa chai, nikakaa, nikaweka miguu kibaoni, nikajisemea basi leo nitakaa tu. Dakika si nyingi, nikamwita Shekha kwa sauti. Alidhani nimeanguka, akaja mbio na sabuni ya kufulia mkononi. Nilipomwambia, mwendawazimu yule akasimama pale nje ya mlango wa choo akapiga vigelegele. Kahaso akachungulia juu ya ua akauliza nani anaposwa.

Nilitamani kumpigia simu Thoya.

Ijumaa, 30 Mei

Tena leo. Sitaandika kila mara, tumbo lisije likaonewa kijicho.

Jumapili, 1 Juni

Tumeamka hakuna wingu. Shekha katandaza magodoro juani, na mie nikaingia jikoni kuweka maji ya chai.

Hakuna kitu. Nimesimama nikasikiliza makusudi, kwa ile tamaa yangu, hata mnong'ono hakuna. Birika, na jogoo wa Kahaso. Nikatoa vikombe. Nikatoa na cha mama, mkono ulizoea, nikabaki nacho.

Siku ya maziko sikulia. Watu wa Mambrui walisema mtoto huyu ana moyo wa jiwe, shangazi mmoja akanibinya ili nilie. Nitamliliaje, na nilikuwa namsikia jikoni? Waliobaki wote walilia wakamaliza, wakaondoa matanga, wakauza nyumba, wakaendelea. Mie nilikuwa naitikia naja.

Nikaketi chini pale jikoni na kile kikombe. Kilitoka kilio ambacho sikukijua, cha sauti, cha kamasi, cha kushika tumbo. Shekha akaingia mbio. "Dada! Imerudi? Yasemaje?"

"Haisemi kitu," nikamwambia. "Shekha, mama amekufa."

Niliona anataka kusema, mbona ni miaka. Akafuta mikono kwenye kanga yake, akapiga magoti mbele yangu, akanipa mkono kama tunavyopeana msibani.

"Pole, dada," akasema. "Mungu amrehemu."

Nikaupokea mkono wake.